Ekrani moja kwa kazi na kwa mchezo



Wiki hii tunazungumza juu ya chombo ambacho wengi wetu tunakiona tu tukienda birotiki kupiga fotokopi: ekrani, yaani kile kioo cha kompyuta ambacho mtu anakitazama anapofanya kazi. Kuna wamama watakaosema hayo ni mambo ya vijana. Ni kweli, lakini vijana hao ni wetu, na pesa wanayoitafuta iko ndani ya sanduku letu. Katika kikundi chetu cha akiba, ombi la ekrani lilitukalisha muda mrefu kuliko ombi la mashine ya kushona na kuliko ombi la mtaji wa maharagwe. Tumeona heri tuandike tuliyojifunza, ili kikundi kingine kikipata ombi kama hilo kisianze na ugomvi.

Habari yenyewe ni hii. Nyumbani kwetu Butembo kuna watoto wawili wakubwa. Binti amemaliza sekondari na anafanya kazi ya kuchora kwa kompyuta: mialiko ya ndoa, matangazo ya misiba, karatasi za kubandika kwenye chupa za juisi na pakiti za kahawa, mabango ya kwaya. Mdogo wake yuko darasa la tano la sekondari na anapenda michezo ya kompyuta, hasa ule wa mpira. Wote wawili walikuwa wanatumia laptopu moja ya zamani, yenye kioo cha inchi 14.

Shida ya binti ilijionyesha kwenye mialiko ya ndoa. Bwana na bibi harusi walichagua rangi ya divai. Kwenye kioo cha laptopu, rangi ilikuwa ya divai kweli. Kwenye karatasi ikatoka kama udongo uliolowa. Familia ikakataa mialiko yote 150, na haki ilikuwa yao, kwa maana vitambaa vya sherehe vilikuwa vimeshonwa tayari. Karatasi nzuri na wino vilikuwa vimekwisha kulipwa. Pesa hiyo ndiyo ilikuwa imewekwa kwa ajili ya shule ya wadogo, na mwezi ule tulikwenda kwa mkuu wa shule kuomba atuvumilie.

Shida ya kijana ilikuwa nyingine. Kwa sababu dada yake alikuwa anashika laptopu jioni, yeye alikwenda kucheza kwenye vyumba vya michezo, pale vijana wanapolipa franga kwa kila mechi. Mama wa Beni na mama wa Butembo hawahitaji kuelezwa maana ya kumngoja mtoto giza likiwa limeingia. Tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi, na hata kabla ya hapo tulikuwa tumejifunza kuhesabu watoto kabla ya kufunga mlango.

Tulipoleta ombi kwenye kikundi, mama mtunza sanduku alisimama kwanza. Akasema: "Pesa ya sanduku hili imo ya wajane. Si pesa ya kuchezea." Wengi wakapiga makofi. Kisha akasema mama mwingine, aliyekimbia kijiji chake upande wa Oicha, ambaye kwa kawaida hasemi sana. Akasema: "Mimi afadhali nimsikie mtoto wangu akipiga kelele za goli ndani ya nyumba kuliko nisimsikie kabisa." Hapo kimya kikaingia.

Sisi wa nyumba hii tuliona kwamba wote wawili walikuwa wamesema kweli. Kwa hiyo kikundi kilikata shauri namna hii: mkopo utatolewa kwa kazi, utarudishwa kwa kazi, na mchezo utakuwa mgeni kwenye ekrani ya kazi. Kiasi kisipite dola 120. Na kabla pesa haijatoka, nyumba inayoomba ilete maelezo ya kwa nini ekrani hii na si ile. Sisi ni watu wa ubao na chaki, tukaona hilo ni zoezi la nyumbani kama mengine. Tukaanza kuuliza, kusoma na kupima.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba vioo havifanani, hata vikiwa na ukubwa mmoja. Kuna aina tatu zinazopatikana sana madukani: TN, VA na IPS. Kioo cha TN ni cha bei ndogo na kinabadilisha picha upesi, lakini rangi yake inageuka mtu akibadilisha namna ya kukaa. Ukiinama, picha inakuwa nyeusi, ukisimama, inapauka. Hicho ndicho kilikuwa kwenye laptopu yetu. VA inatoa weusi mzuri sana, inafaa kutazama filamu. IPS, ambayo kampuni ya Hitachi ya Japani iliitoa mwaka 1996, inashika rangi yake hata ukiitazama kutoka pembeni. Kwa mtu wa kuchora, IPS ndiyo ya kutafuta.

Kujua aina hiyo hakuhitaji fundi. Fungueni kwenye ekrani picha ya uso wa mtu. Simameni, chuchumaeni, nendeni kushoto na kulia. Uso ukibaki na rangi ya uso, ni vizuri. Ukigeuka kama picha ya negativu ya zamani, muacheni muuzaji na kioo chake.

Jambo la pili ni wingi wa rangi. Mwaka 1996 kampuni za HP na Microsoft zilipendekeza kipimo kimoja cha rangi kwa kompyuta, kinachoitwa sRGB, na mwaka 1999 kikawa kipimo rasmi cha kimataifa. Ekrani ikiandikwa sRGB 99% au 100%, maana yake inaweza kuonyesha karibu rangi zote za kipimo hicho. Lakini maboksi mengi ya bei ndogo yanatumia kipimo kingine, NTSC, na hapo mnunuzi anachanganyikiwa. Shikeni hivi: 72% NTSC inakaribia sRGB nzima; 45% NTSC ni chini kidogo ya theluthi mbili ya sRGB. Ekrani ya namna hiyo inafaa kuandika barua na kuweka hesabu, lakini nyekundu yake ni nyekundu iliyofuliwa mara nyingi.

Hata hivyo, hakuna ekrani itakayofanana na karatasi moja kwa moja. Ekrani inatengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa inatengeneza rangi kwa wino: samawati, waridi iliyokolea, njano na nyeusi. Kuna rangi kali zinazowezekana kwa mwanga na haziwezekani kwa wino. Ekrani nzuri inapunguza tofauti hiyo, haiiondoi. Ndiyo maana, pamoja na ekrani, tulimwekea binti sheria: kuchapa kipande kimoja kwanza, mteja akione kwa macho yake mchana, aweke sahihi nyuma yake, ndipo kazi yote ichapwe. Sheria hiyo haina gharama kubwa, na hata asiyenunua kitu anaweza kuianza kesho.

Jambo la tatu ni ukubwa. Kijana alikuwa amekwisha kuona ekrani yake: inchi 27, mpya, iliyopinda, ya dola 260 kwa mfanyabiashara anayeleta bidhaa kutoka Dubai. Inchi zinapimwa kutoka kona moja hadi kona ya upande wa pili. Lakini inchi peke yake haisemi kitu bila kujua hesabu ya vinukta vidogo vinavyounda picha, vinavyoitwa pikseli. Ekrani nyingi zina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, yaani zaidi ya milioni mbili. Kwenye inchi 24 pikseli hizo zinakaa karibu karibu, na herufi zinaonekana safi. Mkizitawanya hizo hizo kwenye inchi 27, zinaachana na picha inaonekana ya kukwaruza. Inchi 27 inapendeza ikiwa na pikseli 2560 kwa 1440. Lakini hizo ni zaidi ya milioni tatu na nusu, na kompyuta inapaswa kuzichora zote mara nyingi kila sekunde mtoto anapocheza. Laptopu yetu ya zamani isingeweza.

Jambo la nne ndilo lilikuwa moyo wa kijana: mwendo. Ekrani ya kawaida inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Hiyo ndiyo inaitwa hezi 60. Ekrani za wachezaji zina hezi 144 au zaidi. Kwenye mchezo wa mbio au wa kurusha mishale, tofauti inaonekana kweli, hatutaki kumdharau mtoto. Tulimpa hesabu aifanye mwenyewe. Sekunde moja ina milisekunde 1000. Gawa kwa 60, unapata karibu 17. Gawa kwa 144, unapata karibu 7. Basi kila picha inakuja milisekunde 10 mapema zaidi. Kisha tukamwambia: "Sasa pima laptopu inatoa picha ngapi kwa sekunde kwenye mchezo wako wa mpira." Akapima, akapata kama 40. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mwenyewe kwamba ekrani ya hezi 144 kwa mashine inayotoa picha 40 ni kama kununua magunia kumi kwa mavuno ya magunia mawili. Hatukuongeza neno. Mtoto akifika mwenyewe kwenye jibu, halisahau.

Na mkiona kwenye boksi "milisekunde 1" kwa herufi kubwa, jueni kipimo hicho kwa kawaida kimechukuliwa kwenye mpangilio wa kasi kabisa wa ekrani hiyo, ambao mara nyingi unaharibu picha kwa namna nyingine. Kwa mpira na kwa michezo ya kawaida, ekrani nzuri ya IPS ya hezi 60 au 75 inatosha.

Jambo la tano wauzaji hawalitaji, na kwetu ndilo la kwanza: umeme. Kule Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, mtambo wa maji wa Virunga unatoa umeme tangu 2013, na wenzetu wa huko wanajua raha ya kuwasha bila kuhesabu. Lakini nyumba nyingi za Butembo na Beni bado zinaishi kwa paneli za jua, bateri na jenereta. Hapo kila wati ina bei. Ekrani ya inchi 24 yenye taa za LED inakula karibu wati 20. Kwa saa tano za kazi, hizo ni wati-saa 100. Bateri ya volti 12 na ampea 100 inabeba wati-saa 1200, lakini bateri hizi za risasi haifai kuzishusha chini ya nusu, kwa hiyo tunahesabu 600. Toeni 100 za ekrani, toeni 200 au 250 za laptopu, na bado taa za nyumba zinabaki. Ekrani kubwa ya wachezaji inaweza kula wati 40 na zaidi. Ile minara ya kioo ya zamani, yenye mgongo mrefu kama televisheni za wazazi wetu, inakula kutoka 60 hadi 100. Mtu akiwapa bure, bado itawalipisha kila jioni.

Nyuma ya ekrani kuna karatasi ndogo. Tazameni kama imeandikwa volti 100 hadi 240. Hiyo inavumilia umeme unaopanda na kushuka. Hata hivyo, umeme ukikatika, chomoeni waya, na msirudishe mpaka umeme uliorudi umetulia. Vyombo vingi vinakufa wakati wa kurudi kwake.

Baada ya hesabu hizo, ekrani mpya ya dola 260 ilianguka yenyewe. Tukaamua kutafuta ekrani ya mtumba, ya ofisi. Nyingi zinapita Kampala na kuingia kwetu kwa mpaka wa Mpondwe na Kasindi, na baadhi yake ni bora kuliko mpya za bei ndogo. Ekrani za ofisi hazina mapambo, lakini nyingi zina kioo cha IPS, na mara nyingi mguu wake unapanda na kushuka. Kwa ekrani za Dell, jina lenyewe linasaidia: kwenye U2412M, 24 ni inchi na 12 ni mwaka wa 2012, kwenye P2419H, 24 ni inchi na 19 ni 2019. Muuzaji akisema "hii ni ya juzi" na namba inasema 12, mtajua la kumjibu.

Tulipata ya kwetu Beni, kwa dola 90: inchi 24, IPS, pikseli 1920 kwa 1080, hezi 60. Hatukulipa kabla ya kuijaribu. Binti alikuwa na picha tano kwenye fimbo ya USB: moja nyeupe yote, moja nyeusi, moja nyekundu, moja kijani, moja bluu. Kila moja ikijaza ekrani, kinukta kilichokufa kinaonekana kama chawa kwenye shuka. Nyeupe inaonyesha pia madoa na pembe zilizofifia. Tukaangalia matundu ya waya: laptopu yetu ina HDMI, na ekrani ilikuwa nayo. Kama kompyuta yenu ni ya zamani na ina VGA tu, chagueni ekrani yenye VGA, la sivyo mtanunua tena kigeuzi. Tukaomba risiti yenye namba ya chombo na siku saba za kurudisha. Muuzaji alikunja uso, akaandika.

Kisha kuna kilometa 54 kutoka Beni hadi Butembo. Ekrani isilazwe chini ya magunia, wala isipelekwe kwa motari anayerukaruka kwenye mashimo. Isafirishwe imesimama, uso wake ukielekea kitu laini. Binti aliishika magotini njia nzima, imefungwa kwenye blanketi la mtoto, na abiria wakamuuliza kama ni sanamu ya kanisa.

Sasa imepita miezi minne. Binti alipaswa kulipa dola 15 kila mwezi kwa miezi sita, na faida kidogo ya kikundi. Amelipa minne bila kukumbushwa. Rangi za kazi yake zinakaribia sana karatasi, hasa baada ya kushusha mwanga wa ekrani, ambao dukani unawekwa juu mno ili kuvuta macho. Hakuna mwaliko uliorudishwa. Kazi haijawa nyingi kila wiki. Kuna wiki za misiba tu, na kuna wiki ambazo barabara imefungwa na wateja wa vijijini hawafiki.

Kijana anacheza saa moja baada ya masomo, na mteja akibisha hodi mchezo unazimwa hata kama penalti inapigwa. Bado analalamika kwamba ekrani ni ya wazee. Rafiki zake wanakuja, wanapiga kelele, wanamaliza chai. Lakini saa mbili za usiku tunajua yuko wapi, na mama wawili wa jirani wanajua pia wa kwao wako wapi.

Tuongeze neno la walimu juu ya macho. Ekrani ikae mbali kama urefu wa mkono, ukingo wake wa juu ukilingana na macho, na isitazamane na dirisha. Kila dakika 20, mtoto atazame kitu kilicho mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20. Anayetazama kioo anasahau kupepesa, ndiyo maana macho yanakauka na kuwasha. Na mtoto anayesogeza uso mpaka karibu agonge kioo, au anayeumwa kichwa kila jioni, msimgombeze kwanza. Mara nyingi ni yule yule anayeomba kukaa benchi la mbele darasani. Huenda anahitaji miwani.

Kwa vikundi vitakavyopata ombi kama letu, ulizeni haya mkiwa na kalamu mkononi, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kazi gani itakayorudisha pesa, na wateja wake wako tayari au bado ni ndoto? Kioo ni cha aina gani, na kinashika rangi ukichuchumaa? Kompyuta iliyopo inaweza kutoa kile ekrani inachoahidi? Kinakula wati ngapi, na bateri ya nyumba inabeba ngapi? Nani atakitumia, saa ngapi, na nani anapita mbele mteja akija?

Mama mtunza sanduku bado hapendi mchezo. Kila mara anapopita kwetu anauliza kwanza daftari la kazi, analisoma mstari kwa mstari, kisha ndipo anakubali kiti. Tumemwomba asiache. Kikundi kinahitaji mtu wa namna hiyo, na binti anajitahidi zaidi akijua daftari litasomwa.

Tunawatakia wiki yenye amani, ninyi na watoto wenu.